Mtoto wa mbwa aanze kutoka nje lini?

Barua nyingi zilizotufikia safari hii zinauliza jambo moja kwa namna tofauti: mtoto wa mbwa aruhusiwe lini kukanyaga nje. Tumechagua zile zinazogusa hali nyingi.

Swali: Shikamooni. Nina mtoto wa mbwa aina ya German Shepherd, ana wiki 9. Amechomwa sindano moja akiwa na wiki 7. Aliyeniuzia amesema asikanyage nje mpaka afikishe miezi minne. Jirani yangu, mfugaji wa siku nyingi, anasema wa kwake huzurura tangu wana wiki sita na wako salama. Nimsikilize nani? (Msomaji, Kibaha)

Jibu: Marahaba. Wote wawili wana hoja, ila hakuna aliyekupa jibu kamili. Hatari ya nje hupimwa kwa jambo moja: ni mbwa gani wamejisaidia mahali hapo katika mwaka uliopita, na je, walikuwa wamechanjwa?

Anachohofia aliyekuuzia ni parvo, ugonjwa wa kutapika na kuharisha unaoua watoto wa mbwa. Kirusi chake hutoka kwa wingi kwenye kinyesi cha mbwa mgonjwa. Kinyesi kikikauka au kikioshwa na mvua mpaka usikione tena, kirusi hubaki udongoni, na penye kivuli na unyevu hudumu miezi mingi, hata kuvuka mwaka. Mtoto wa mbwa akinusa hapo na kujilamba, ameshaambukizwa. German Shepherd, Rottweiler na Dobermann hushikwa vibaya zaidi, kwa hiyo kwa mbwa wako usifanye mzaha.

Sindano moja ya wiki 7 haimtoshi. Mtoto hupata kinga ya mama kupitia dang'a, maziwa ya siku ya kwanza. Kinga hiyo humlinda, lakini pia huizima chanjo kabla haijafanya kazi. Hupungua taratibu kati ya wiki ya 6 na ya 16, na hata ndugu wa tumbo moja hawalingani. Tena kuna siku za katikati ambapo kinga ya mama imeshuka mno kuzuia ugonjwa lakini bado ina nguvu ya kuizima chanjo. Ndiyo maana sindano hurudiwa kila baada ya wiki 2 hadi 4: hatujui ni ipi itakayokuta njia wazi. Kwa mbwa wako zipange wiki ya 10, ya 13 na ya 16. Ya wiki ya 16 ndiyo ambayo watu wengi huiruka, nayo ndiyo yenye uhakika mkubwa kuliko zote. Mwongozo wa mwaka 2024 wa WSAVA, shirikisho la kimataifa la madaktari wa wanyama wadogo, unashauri achomwe tena akifikisha miezi 6, ili aliyekosa kinga katika zile za mwanzo asibaki wazi. Chanjo ya kichaa cha mbwa ichomwe kuanzia wiki ya 12. Unaweza kuiunganisha na ile ya wiki ya 13. Halmashauri nyingi huitoa bure katika kampeni, hasa karibu na tarehe 28 Septemba, Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani.

Hoja ya jirani yako ni kwamba mbwa aliyefungiwa hukua mwoga. Hapo hajakosea. John Paul Scott na John Fuller, waliochunguza watoto wa mbwa kwa miaka mingi huko Bar Harbor, Marekani, na kuchapisha matokeo yao mwaka 1965, walionyesha kwamba kati ya wiki ya 3 na ya 12 hivi mbwa hujifunza nani na nini ni cha kawaida duniani. Asichokutana nacho katika kipindi hicho huelekea kukiogopa ukubwani, na mbwa mwoga ndiye anayeng'ata. Ukingoja miezi minne bila kufanya lolote, utaikwepa parvo na kupata tatizo jingine la miaka kumi.

Basi fanya hivi. Uani kwako, kama pana uzio, mbwa wa mtaani hawaingii na hapakuwa na mbwa mgonjwa mwaka uliopita, mtoe leo hii. Ziba nafasi ya chini ya geti kwa ubao, na usimwache peke yake. Barabarani mbebe, mikononi au kwenye kapu lenye taulo, dakika 10 hadi 15 kila siku, miguu isiguse chini. Aone bodaboda, wanafunzi wanaotoka shule, mwanamke mwenye baibui, mzee mwenye mkongojo, mtu mwenye mwavuli. Asikie adhana, kengele na mashine ya kusaga. Kwa rafiki mwenye mbwa wazima waliochanjwa na uzio mzuri, mpeleke siku 7 baada ya sindano, na awe ameshapewa dawa ya minyoo. Lakini mtaani, stendi, sokoni, jalalani, uwanja wa mpira na ufukweni, asikanyage mpaka wiki mbili zipite tangu ile sindano ya wiki ya 16.

Pahali pamoja husahauliwa: kliniki ya mifugo. Wagonjwa wote wa parvo hupelekwa huko. Ukimpeleka kuchanjwa, mpakate mpaka aingie kwa daktari, na umwombe apanguse meza kabla hujamweka.

Swali: Hamjambo. Naishi ghorofa ya tano, ploti haina hata kipande cha nyasi, ngazi tunatumia watu wote na majirani wawili wana mbwa. Wangu ana wiki 8. Atajisaidia wapi hiyo miezi yote? (Msomaji, Nairobi)

Jibu: Ndani, mahali pamoja, bila kubadilisha badilisha. Chukua beseni pana lenye ukingo mfupi au trei, weka magazeti au udongo wa chungu cha maua ambao hakuna mbwa aliyewahi kuugusa. Mpeleke hapo kila anapoamka, dakika 5 hadi 20 baada ya kula, baada ya kucheza na kabla ya kulala. Mchana mbwa wa miezi miwili huweza kujizuia kama saa mbili tu. Akijikojolea kwenye zulia, ni wewe umechelewa. Usimsugue pua kwenye mkojo. Atajifunza kukuficha, na baadaye atakataa kukojoa ukiwa naye hata nje.

Viatu viachwe mlangoni. Parvo huja kwa nyayo zenu, kwa hiyo mbwa asiyewahi kutoka anaweza kuugua vilevile. Kwenye ngazi mbebe kila mara. Baraza ya ghorofani ifungwe wavu wa kuku kuanzia chini mpaka kifuani, maana mtoto wa mbwa hupenya panapopenya kichwa chake. Wakati wa kuhamia nje ukifika, beba gazeti moja lenye harufu ya mkojo wake, liweke kwenye nyasi, na usubiri kwa utulivu. Kwa wengi hiyo inatosha.

Swali: Assalaam alaykum. Kwetu mbwa haingii ndani, ni wa ulinzi tu. Tunataka kuchukua wa miezi miwili. Je, anaweza kuishi nje tangu siku ya kwanza? (Msomaji, Tanga)

Jibu: Waalaykum salaam. Anaweza, na mbwa wengi wa pwani hulelewa hivyo. Ila nje aliyopangiwa ni tofauti na nje ya kuachiwa.

Mtengee sehemu iliyozungushiwa wavu, mita 2 kwa 3 inatosha kwa kuanzia, mbali na mnapotawadha na mnapoanika nguo. Ndani yake weka kibanda ambacho sakafu imeinuliwa kwa matofali, sentimita 15 hivi kutoka ardhini, mlango ukipa kisogo upande unaoleta mvua. Kwenu adui mkubwa ni joto. Bati tupu mchana hugeuka tanuri. Ezeka makuti juu yake au weka kibanda chini ya kivuli, na maji yasikauke. Anayefuga Njombe au Limuru awe na hofu ya kinyume, baridi ya Juni na Julai, na aongeze nyasi kavu za kulalia.

Sakafu ya saruji ni bora kuliko mchanga, na sababu ni minyoo ya safura. Mayai ya minyoo hii hutoka na kinyesi, na kwenye mchanga wenye joto na unyevu huwa viluwiluwi vinavyopenya ngozi ndani ya wiki moja hivi. Mtoto wa mbwa mwenye safura hupauka fizi na anaweza kufa kwa kukosa damu. Mtoto wa mtu anayetembea peku hapo hupata michirizi inayowasha miguuni. Kwa hiyo zoa kinyesi kila siku, kifukie mbali. Dawa ya minyoo hutolewa akiwa na wiki 2, 4, 6 na 8, kisha kila mwezi mpaka miezi 6. Kipimo ni kwa uzito, basi mpime kila mara; kipimo cha mwezi uliopita hakimtoshi tena.

Magunia ya kulalia yabadilishwe kila wiki na yaanikwe juani mpaka yakauke kabisa. Kuna nzi anayetaga kwenye kitambaa au mchanga wenye kivuli na harufu ya mkojo, na buu lake huingia kwenye ngozi na kufanya uvimbe wenye tundu dogo. Ukikuta uvimbe huo, ziba tundu kwa vaselini mpaka buu lijitokeze kutafuta hewa, kisha libane taratibu litoke zima.

Chakula kisilale nje, huita panya. Mkojo wa panya hubeba homa ya mgunda, ile iliyoua watu mkoani Lindi mwaka 2022, na mbwa huipata na kuipitisha kwa watu. Chanjo yake huanza wiki ya 8 na ni lazima iwe mara mbili, wiki 2 hadi 4 zikiwa kati. Kabla ya wiki mbili kupita baada ya ile ya pili, asikanyage madimbwi.

Na asisahauliwe nyuma ya nyumba. Akionana na mtu mara moja tu kwa siku, wa kumpa ugali, hatajua kumtofautisha mgeni na mwizi. Watu wa nyumbani wapokezane, mara tatu au nne kwa siku, dakika chache chache.

Swali: Nimeuziwa barabarani, muuzaji kasema ana miezi mitatu na "sindano zote tayari", lakini kadi hana. Nianzie wapi? (Msomaji, Mwanza)

Jibu: Bila kadi yenye stika ya chupa ya chanjo, tarehe na saini, hesabu kwamba hajachanjwa. Kisha mfungue mdomo. Meno ya utoto ni 28, na kwa kawaida huwa yametimia kwenye wiki ya 8. Kama magego bado yanachomoza, uliuziwa mtoto wa wiki tano au sita aliyetolewa kwa mama mapema. Kama meno yote yapo, membamba na makali, yuko kati ya miezi miwili na mitatu na nusu. Meno mawili ya mbele juu yakiwa yameng'oka au mapya makubwa yanaota, amekaribia miezi minne.

Ukiwa na shaka, chukua umri mdogo na upange sindano kwa huo. Kama ameshapita wiki 16, mbili zinatosha, wiki 3 hadi 4 zikiwa kati, pamoja na ya kichaa, na nje atatoka wiki mbili baada ya ya mwisho. Kwa sasa mtenge na mbwa wengine wiki mbili, maana anaweza kuwa amekuja na distempa, ugonjwa mwingine wa virusi, ambayo bado haijajitokeza. Kanda yenu inaujua ugonjwa huo: mwaka 1994 uliua karibu theluthi moja ya simba wa Serengeti, na mbwa wa vijiji vya jirani walihusishwa nao.

Swali: Nilinunua chanjo duka la dawa za mifugo nikamchoma mwenyewe. Kuna ubaya? (Msomaji, Nakuru)

Jibu: Upo kama chanjo ilipata joto njiani. Inatakiwa ikae nyuzi 2 hadi 8 tangu kiwandani. Chupa iliyosafiri mfukoni kwenye matatu inaweza kuwa imekufa, na kwa macho hutaiona tofauti. Ile ya unga ikishachanganywa na kimiminika chake itumike hapo hapo. Sindano hiyo usiihesabu. Anza upya kwa daktari anayeitoa kwenye friji mbele yako.

Swali: Mbwa wetu alikufa kwa parvo miezi miwili iliyopita. Watoto wanalilia mwingine. (Msomaji, Arusha)

Jibu: Poleni sana. Msilete mdogo. Leteni aliyepita wiki 16, aliyemaliza chanjo, na wiki mbili zimepita tangu ya mwisho. Huyo anaweza kuingia hata uani kwenu.

Mtakaotaka mdogo, subirini angalau mwaka mmoja, na kila kinachosafishika kisafishwe sasa. Anzeni kwa kusugua na sabuni, kwa sababu uchafu huila nguvu ya jiki. Suuzeni, kisha changanyeni jiki ya asilimia 3.5, mililita 50 kwa kila lita ya maji, mlowanishe sakafu na ibaki na majimaji dakika 10 kabla ya kusuuza. Mchanganyiko uwe wa siku hiyo hiyo. Usichanganywe kamwe na dawa ya choo yenye asidi, hutoa gesi ya sumu. Dawa nyingi za kusafishia zenye harufu nzuri haziui parvo, hata zikimwagwa chupa nzima. Bakuli la plastiki lililokwaruzika, kamba na matandiko vichomwe. Udongo haupigwi jiki ukasafika. Punguzeni matawi jua lipige, na hapo alipokuwa akilala ondoeni tabaka la juu.

Swali: Kaka yangu yuko Uingereza, anasema huko mbwa hutoka wakiwa na wiki 11 au 12. Kwa nini sisi tungoje? (Msomaji, Morogoro)

Jibu: Baadhi ya chanjo za huko zimesajiliwa kumalizika wiki ya 10, na mbwa wengi wa mitaani kwake wamechanjwa. Hana pia kichaa cha mbwa cha kuhofia mlangoni. Wako atakutana na mbwa wasiojulikana kadi zao. Shikilia wiki ya 16.

Swali: Ana wiki 10. Jana alitoroka, nikamkuta jalalani anacheza na mbwa wawili. Nimeogopa. (Msomaji, Moshi)

Jibu: Mkague kwanza kwa vidole, manyoya yote, kutafuta jeraha la meno. Likiwepo, lioshe kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, ukivaa glavu, na umpeleke kwa daktari wa mifugo leo. Mtu yeyote aliyeng'atwa, aliyekwaruzwa au aliyelambwa kwenye kidonda na mbwa hao aoshe vilevile na aende hospitali leo leo, asisubiri kuona kama mbwa watakufa. Kichaa kikishaonyesha dalili kwa mtu hakina tiba.

Kama hana jeraha, muogeshe, na kama sindano yake imekaribia, iwahishe. Kisha hesabu siku. Parvo mara nyingi hujitokeza kati ya siku ya 3 na ya 7, lakini mwangalie hadi ya 14. Dalili ya kwanza mara nyingi ni kukataa chakula na kujikunyata pembeni. Kutapika hufuata, kisha kuharisha kwenye harufu kali, mara nyingi na damu. Akitapika mara mbili mfululizo na amelegea, usingoje asubuhi. Kinachomuua ni kupungukiwa maji na bakteria wa utumbo kuingia kwenye damu, na dripu ikianza mapema wengi hupona. Usimpe paracetamol, diclofenac wala ibuprofen, ni sumu kwake, na usimlazimishe kunywa anapotapika, maji yataingia mapafuni.

Swali: Kila akirudi kutoka uani ana kupe. Naweza kumchovya kwenye josho la ng'ombe? (Msomaji, Dodoma)

Jibu: Hapana. Dawa ya josho yenye amitrazi haifai mbwa wa chini ya miezi minne, na za aina nyingine za ng'ombe zinaweza kumfanya atetemeke na kufa ndani ya saa chache. Ng'oa kupe kwa kibano, ukishika karibu na ngozi na kuvuta wima. Vidonge na matone mengi ya mbwa huanza wiki ya 8 na kilo 2. Soma karatasi ya ndani ya pakiti na umpime. Fyeka nyasi, ziba nyufa za ukuta wa banda, kupe wa mbwa hutagia humo.

Swali: Nilifuata ushauri wa kumfungia mpaka chanjo ziishe. Sasa ana miezi mitano, chanjo kamili, lakini akisikia bodaboda analala chini na kujikojolea. Nimvute tu mpaka azoee? (Msomaji, Kisumu)

Jibu: Usimvute, dada. Ukimburuta mpaka stendi, atajifunza kwamba ukimtoa nje mabaya humpata, na atakuogopa wewe pamoja na bodaboda.

Anza kwa vifaa. Mbwa mwenye hofu hurudi kinyumenyume na kuchomoka kwenye kola, kisha hukimbilia barabarani. Mvalishe mkanda wa kifuani, uache nafasi ya vidole viwili. Toka saa 12 asubuhi au saa 11 jioni; saa nyingine weka mgongo wa kiganja kwenye lami, usipoweza kuvumilia sekunde 7, nyayo zake zitaungua.

Tafuta mahali bodaboda zinaonekana kwa mbali na yeye bado anakubali kula. Huenda ikawa mita 50, huenda 100. Simama hapo ukiwa na omena zilizokaushwa mfukoni. Pikipiki ikitokea, mpe omena moja baada ya nyingine mpaka ipite. Ikishapita, acha kabisa. Dakika 5 hadi 10 zinatosha, mara mbili kwa siku. Siku atakayosikia mlio na kugeuka kukutazama wewe badala ya kulala chini, sogea mita tano, usizidishe. Kwa kuwa umri wake wa kujifunza haraka umepita, kazi hii huchukua wiki nyingi, na wengine hubaki na woga kidogo maisha yote. Kipimo chako kiwe omena: akiikataa, umemsogeza karibu mno, rudi nyuma mpaka aile.